Shamba Lililoota Magugu: Tathmini ya Mafundisho ya Maisha ya Kila Siku Katika Mahubiri ya Pwani ya Mtwara

1. Utangulizi

Katika mahubiri ya siku hizi, na hasa katika tafakari fupi zitolewazo asubuhi makazini, shuleni na katika ibada za nyumba kwa nyumba, imekuwa desturi mhubiri kuanza na jambo moja la maisha ya kawaida: mti, chungu cha jikoni, safari ya basi, mvua iliyochelewa. Jambo hilo husimuliwa kwa ufupi, kisha mhubiri huuliza sisi Wakristo tunajifunza nini hapo, na kutoa fundisho moja au matatu. Washarika huipenda namna hii. Huukumbuka mfano hata baada ya kulisahau andiko lililosomwa. Wanafunzi wa theolojia nao huiiga mapema, kwa kuwa ni nyepesi kuliko eksegesia na huitikiwa upesi kuliko mafundisho ya imani.

Katika makala hii tunakusudia kuipima desturi hiyo. Hatukusudii kuifuta, maana ina mizizi katika Maandiko yenyewe. Tunataka kuonyesha ni wapi inapopotoka, upotovu huo humwumiza nani, na ni kwa njia gani yaweza kurudishwa katika kazi yake halali. Kama uwanja wa uchunguzi wetu tumechagua pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, pamoja na mashamba ya mikorosho yaliyo nyuma yake. Sababu ni mbili. Kwanza, huko Walutheri ni wachache katikati ya majirani Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana, na mtumishi wa usharika huweza kuwa mgeni aliyezaliwa kwenye migomba ya kaskazini au baridi ya nyanda za juu. Pili, maisha ya watu wa huko, yaani korosho, bahari na mto wa mpaka, yana uzito ambao fundisho jepesi haliwezi kuubeba.

Hoja yetu ni hii: fundisho lililokwisha kuamuliwa kabla ya kitu kutazamwa, hata likipambwa kwa jina la Kristo, huwa ni hukumu juu ya watu, na mara nyingi huwa hukumu juu ya wasiostahili.

2. Asili njema ya desturi hii

Ni haki kuanza na sifa zake. Mwenye hekima katika Mithali humpeleka mvivu kwa chungu akajifunze (Mithali 6:6-8). Bwana wetu aliwaelekeza wanafunzi kwa ndege wa angani na maua ya kondeni (Mathayo 6:26-30), akanena juu ya chachu, wavu, taa na sarafu iliyopotea. Luther katika mahubiri yake juu ya Hotuba ya Mlimani aliwafanya ndege kuwa walimu wetu, akaona ni aibu kwa wanadamu wenye akili kufundishwa imani na shomoro. Kwa hiyo asemaye kwamba vitu vya kila siku havina nafasi mimbarini anasema zaidi ya Maandiko na zaidi ya baba zetu wa Matengenezo.

Lakini tuangalie jinsi mifano ile ilivyojengwa. Mpanzi wa Injili hupoteza mbegu njiani, kwenye mwamba na kati ya miiba, kama wapanzi wote walivyopoteza. Wavu huleta samaki wema na wabaya pamoja, na ni lazima kuketi na kuchagua. Mwanamke huwasha taa na kufagia kwa kuwa nyumba yake ni ya giza. Aliyesikia mifano hiyo, awe mkulima au mvuvi au mama wa nyumbani, hakuweza kumwambia Bwana kwamba hajui kazi ile. Kitu kiliachwa kiwe kilivyo, na ndipo Ufalme wa Mungu ukaingia ndani yake kwa namna iliyomshangaza hata mwenye kazi. Hapo ndipo penye tofauti na mengi yasikiwayo leo.

3. Kosa la kwanza: kitu hakikutazamwa

Chukua mfano wa mikoko. Kando ya maingilio ya Ruvuma na katika Ghuba ya Mnazi, eneo ambalo tangu mwaka 2000 limo ndani ya Hifadhi ya Bahari, mikoko ni misitu mizima. Si ajabu basi mhubiri kuitumia. Mfano huenda hivi: mkoko hupigwa na mawimbi usiku na mchana lakini haung'oki, kwa sababu mizizi yake imezama hadi kwenye mwamba, vivyo hivyo Mkristo azamishe mizizi yake katika Kristo, asiyumbishwe na majaribu. Fundisho ni zuri, na Wakolosai 2:7 huliunga mkono. Ila mti huo haupo.

Mkoko hauna mzizi mrefu uliofika mwambani. Unasimama katika tope laini lisilo na hewa. Mizizi yake huanza juu, ubavuni mwa shina, ikajipinda na kushuka pande zote kama mtu ajiegemezaye kwa magongo mengi, na hupumua maji yanapokupwa. Mbegu yake huota ingali juu ya mti uliouzaa, kisha huanguka topeni ikiwa tayari ni mche. Msitu hushikamana mzizi kwa mzizi, hupunguza nguvu ya mawimbi, na katikati ya mizizi hiyo hukulia samaki wadogo na kamba. Kila mkata boriti na kila mvuvi wa Msimbati anajua hayo. Anaposikia habari za mwamba, hatasema neno, kwa kuwa ana heshima. Lakini amekwisha kutambua kwamba mhubiri hajawahi kutia mguu topeni.

Mtu aweza kusema kwamba kosa hilo ni dogo, maadamu fundisho ni la kweli. Hatukubali. Kitu kilipopotoshwa, fundisho nalo lilipindishwa bila mhubiri kujua. Mkoko wa kubuni humfundisha Mkristo mmoja mmoja kuwa imara kwa kina chake mwenyewe. Mkoko wa kweli hukataa fundisho hilo: hakuna aliye na mwamba wake peke yake, ardhi ni laini kwa wote, na asimamaye husimama kwa kuwa wengine wamesimama naye. Hapo tungefika kwenye 1 Wakorintho 12, mahali ambapo mhubiri hakukusudia kwenda. Na hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kutazama kwa kweli: kitu kilichotazamwa huweza kumpinga mtazamaji. Kama kila kitu tunachokiona njiani hukubaliana na mahubiri tuliyokwisha kuyaandika, basi hatukuona kitu.

Lugha nayo hutoa ushahidi. Mhubiri wa bara husema bahari imekauka, hali wenyeji wanasema maji yamekupwa. Hajui siku za bamvua, wakati mwezi mchanga au mpevu unapoyavuta maji mbali na miamba ikabaki wazi, na wanawake wakatoka kutafuta pweza na kombe. Wala hajui siku za maji mafu, ambapo mwendo wa maji ni mdogo na mapato nayo ni madogo. Mtu asiyejua siku hizo hawezi kusema lolote la maana juu ya subira ya mama yule, maana subira yake ina kalenda.

4. Kosa la pili: fundisho humwangukia mnyonge

Kosa la kwanza lina aibu. La pili lina majeraha. Andiko linalopendwa sana na wahubiri wa mazingira ya kilimo ni Mithali 24:30-34. Mwenye hekima anapita karibu na shamba la mvivu, anaona miiba na viwavi, ukuta umebomoka. Anatazama, anafikiri, anapata mafundisho. Hapa pana mfano halisi wa fundisho litokanalo na maisha ya kila siku, tena ndani ya Biblia. Ni rahisi kulihubiri andiko hili mbele ya shamba la mikorosho lililoota magugu, na kusema: mwenye shamba hili alilala.

Lakini tuitazame historia ya mashamba hayo. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Je, katika miaka 13 watu wa kusini waligeuka kuwa wavivu? Wataalamu walioichunguza habari hiyo wametaja mambo mengine. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na wengi wakajikuta mbali na mikorosho waliyoipanda. Shamba lisiloweza kufikiwa kwa miguu liligeuka pori. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo kiasi cha kutolipa hata jasho la kupalilia. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka hiyo, ukaja ubwiriunga, ugonjwa unaoyapaka majani machanga na maua unga mweupe na kuyakausha kabla ya kuzaa. Ilibidi ingojewe kazi ya watafiti, wakiwamo wale wa kituo cha Naliendele karibu na mji wa Mtwara, hata wakulima wakafahamu kupuliza salfa kwa wakati wake na kupata miche bora, na mavuno yakaanza kupanda tena.

Sasa mhubiri anayesimama mbele ya mzee aliyepitia yote hayo na kumsomea habari za shamba la mvivu, amefanya nini? Amelitwaa andiko la kweli na kulifanya shahidi wa uongo. Hatusemi kwamba hakuna wavivu Mtwara. Wako kama walivyo kila mahali, hata vyuoni. Tunasema kwamba si kila shamba lililoota magugu ni la mvivu, na mwenye hekima wa Mithali alijua lile lilikuwa la nani kabla ya kutoa fundisho.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Tangu mwaka 2007 korosho huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mazao yake kwenye chama cha msingi, hupimiwa, hungoja mnada, ndipo alipwe. Kando ya utaratibu huo umeendelea ununuzi wa chinichini uitwao kangomba, ambapo mnunuzi hupita majumbani na kununua kwa bei ya chini, mara nyingi kwa kipimo kisicho mizani, na wakati mwingine korosho zikiwa bado maua. Mhubiri anayekemea kangomba hupata andiko upesi: Esau aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu (Mwanzo 25:29-34). Fundisho: Mkristo awe na subira, asiuze baraka ya kesho kwa shibe ya leo.

Waebrania 12:16 humlaumu Esau, nasi hatulikatai neno hilo. Hata hivyo, simulizi la Mwanzo lina watu wawili. Yumo mwenye njaa aliyerudi kondeni akiwa amezimia, na yumo ndugu mwenye chungu aliyeweka bei juu ya njaa ya nduguye. Mwanzo haikumwacha Yakobo bila hesabu: alilazimika kukimbia nyumba ya baba yake, na huko ugenini alidanganywa na mjomba wake kama alivyodanganya. Katika usharika wa korosho, aliyeuza kwa kangomba ni mama ambaye mtoto wake aliugua mwezi wa nane, wakati ghala liko tupu na mnada uko mbali. Aliyenunua naye huenda ameketi benchi la mbele na hutoa sadaka nono wakati wa mavuno. Mahubiri yanayomtaja Esau peke yake yamechagua upande, hata kama mhubiri hakudhamiria. Amosi 8:4-6 ilikuwapo, imejaa habari za vipimo na mizani ya udanganyifu. Kwa nini haikusomwa?

Na subira yenyewe ina mipaka ambayo mhubiri hana budi kuijua. Katika msimu wa mwaka 2018 wakulima walizikataa bei zilizotolewa minadani, na mwezi wa Novemba serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, zikisombwa na jeshi. Malipo ya wengi yalichelewa hadi mwaka uliofuata. Waliosubiri, walisubiri kweli. Fundisho la subira kwa watu hao laweza kuwa faraja au laweza kuwa dhihaka. Linategemea kama mhubiri anajua wamekwisha kusubiri muda gani.

5. Kosa la tatu: Kristo si wa lazima

Tufikirie sasa kwamba mhubiri amekitazama kitu vizuri na hakumwonea mtu. Je, yatosha? Kwa Walutheri swali bado halijaisha. Tuyachukue mafundisho mengi ya aina hii na kuyauliza: kama Kristo hangalikufa na kufufuka, je, fundisho hili lingebadilika? Jitahidi, subiri, shirikiana na wenzako, tunza muda, chagua marafiki. Yote ni kweli, na afisa kilimo au mwalimu wa shule angeweza kuyasema, pengine kwa ufasaha zaidi. Haya ni mambo ya Sheria katika matumizi yake ya kiraia, na Sheria ni njema. Kosa ni kuivika joho la Injili na kuwapeleka watu nyumbani wakidhani wamehubiriwa neema, kumbe wameongezewa mzigo.

Biblia yenyewe ina kundi la watu mabingwa wa mafundisho ya maisha, nao ni marafiki wa Ayubu. Elifazi husema aliyoyaona: wapandao uovu huuvuna uo huo (Ayubu 4:8). Bildadi huelekeza kwenye mafunjo yasiyoweza kukua pasipo matope (Ayubu 8:11), mfano mzuri kabisa wa kando ya mto, ambao ungefaa hata Ruvuma. Uchunguzi wao wa mimea hauna kasoro. Lakini mwisho wa kitabu Mungu huwaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake (Ayubu 42:7). Walisoma hali ya mtu moja kwa moja kana kwamba ni maandishi ya mkono wa Mungu, wakapata hukumu. Bwana wetu aliikata njia hiyo alipoulizwa habari za kipofu tangu kuzaliwa (Yohana 9:1-3) na aliponena juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu (Luka 13:4-5). Hakukubali ajali iwe fundisho juu ya waliokufa. Aliwageuzia waliohai wito wa toba.

Luther aliliweka jambo hili wazi katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518. Mwanatheolojia wa utukufu huuita uovu wema na wema uovu. Mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kile kilivyo hasa. Mara nyingi tumeifundisha kauli hiyo kama mada ya darasani. Tunapendekeza isomwe kama kanuni ya mahubiri. Kukiita kitu kilivyo hasa ni kusema kwamba ubwiriunga ni ugonjwa, kwamba bei mbaya ni bei mbaya, kwamba mvuvi aliyezama amekufa na mkewe ni mjane. Asiyeweza kusema hivyo kwanza, bali anakimbilia kusema Mungu anatufundisha nini kwa jambo hilo, ameuruka msalaba ili afike mapema kwenye utukufu.

6. Majaribio mawili ya zamani: Masasi na Moshi

Hatuko wa kwanza kushughulika na swali hili, wala mkoa wa Mtwara si mgeni kwalo. Vincent Lucas, mmisionari Mwanglikana aliyefika Masasi mwaka 1909 na kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo tangu 1926 hadi 1944, alikabiliana na jando. Wengine walikuwa wamelikemea tu. Lucas, pamoja na makasisi Waafrika ambao walilijua jando tangu ujana wao, aliuliza kila sehemu ya desturi ile inafanya kazi gani katika maisha ya kijana na ya jamaa yake, ndipo wakaamua lipi libaki, lipi libadilishwe, lipi liachwe. Mwaka 1928 alieleza msimamo wake katika insha iliyosomwa mbali. Uzuri wa jaribio hilo ni kwamba swali lilitangulia jibu. Udhaifu wake ulionekana katika unyago wa wasichana: huko wenye elimu walikuwa akina mama wazee, mapadre wanaume hawakuwa na mlango, na kazi haikufanikiwa kama ya upande wa wavulana. Mahali ambapo wenye jambo hawakusikilizwa, fundisho halikushika.

Kwa upande wetu Walutheri, Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi Old Moshi na kati ya Wachaga kuanzia mwaka 1902 hadi 1938, aliona katika ukoo, ujirani na rika vifungo ambavyo Mungu alikuwa amekwisha kuwafungia watu kabla ya misheni kufika, akataka usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo. Hapa napo mmisionari alitazama kwa muda mrefu na kwa upendo. Lakini wachambuzi wake wamemlaumu kwa kuupenda mpangilio wa kale hata akauogopa mji, mshahara na kijana aliyetaka kwenda zake. Onyo hilo latuhusu. Anayetafuta mafundisho katika maisha ya watu wa pwani asiyagandishe maisha hayo yawe picha ya ukutani. Msimbati ya ngalawa na mikoko ni Msimbati hiyohiyo ya gesi asilia, iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982; na Mtwara ya korosho ndiyo Mtwara iliyoona ghasia na vifo mwaka 2013 kwa sababu ya bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar es Salaam. Mhubiri akitaka kuifananisha gesi na hazina iliyositirika shambani (Mathayo 13:44), na akumbuke kwamba watu watauliza mara moja nani alilinunua shamba.

7. Mto wa mpaka

Mfano wetu wa mwisho ni Ruvuma wenyewe. Kuvuka mto ni picha inayopendwa: Ruvuma umekuwa Yordani, ng'ambo imekuwa nchi ya ahadi, na Mkristo ahimizwa avuke bila hofu. Nyimbo zimezoesha masikio yetu picha hiyo, na kwa matumaini ya ufufuo ina haki yake.

Lakini watu wa mto huo wanajua kuvuka kwa aina nyingine. Baada ya vita vya ukombozi kuanza Msumbiji mwaka 1964, maelfu walivuka kuja kaskazini kama wakimbizi. Tangu Oktoba 2017 mapigano ya Cabo Delgado yamewafukuza tena watu makwao. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na wako waliokimbilia mtoni. Upande wa Tanzania nao haukusalimika: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu wakauawa. Jamaa za Wamakonde ziko ng'ambo zote mbili. Msiba wa upande mmoja huliliwa upande wa pili. Kwa mtu aliyevuka usiku na mtoto mgongoni, ng'ambo haikuwa Kanaani. Ilikuwa mahali pa kuulizwa unatoka wapi.

Je, mhubiri anyamaze? Hasha. Ila aanze na kuvuka kulivyokuwa, ndipo atafute andiko linaloweza kukubeba. Atalikuta katika Mathayo 2:13-15, ambapo Kristo mwenyewe alichukuliwa usiku kuvushwa mpaka kwa sababu ya upanga wa mfalme. Hapo Kristo hangoji ng'ambo na taji mkononi kwa ajili ya wavukaji hodari. Yumo miongoni mwa waliobebwa. Na usharika utasikia pia Sheria kwa namna iliyo wazi, yaani Kumbukumbu la Torati 10:19 na wajibu wa kumpenda mgeni, bila mtu kuhitaji kuifumba katika mafumbo.

8. Hitimisho

Kutokana na hayo tunapendekeza maswali manne, yaulizwe kabla ya mfano wowote kupandishwa mimbarini. La kwanza: mwenye kazi hii, akiisikia jinsi tulivyoieleza, ataitambua kuwa ni yake? Mhubiri asiyejua na aende akaulize. Mvuvi na mbangua korosho hawadai ada. La pili: fundisho hili litamwangukia nani usharikani, na je, ndiye anayestahili? La tatu: kama Kristo hakufufuka, fundisho lingebaki vilevile? La nne: je, mwisho wake watu wataweza kuomba, au watabaki kujilaumu?

Swali la nne laturudisha kwenye Katekisimo, ambako tunadhani ndiko iliko njia ya Kilutheri katika jambo hili. Akieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, Luther hakutafuta mfano wa kiroho ndani ya mkate. Aliuacha mkate uwe mkate, kisha akaupanua mpaka ukaingiza shamba, nyumba, mwenzi mwema, serikali njema, hali ya hewa, amani na majirani waaminifu. Na katika Katekisimo Kubwa akawataja waziwazi wale ambao kwa hila za biashara huwanyang'anya maskini mkate wao wa kila siku. Kwa maelezo hayo salfa ya kupulizia, mizani ya chama cha msingi, bei ya mnada na usalama wa Kitaya vyote vimo tayari ndani ya Baba Yetu. Havihitaji kugeuzwa kuwa alama za kitu kingine ili vipate heshima mbele za Mungu.

Na hata pale tunapoona ishara, ije kwa utaratibu huo. Korosho haichumwi mtini. Huachwa ipevuke, ianguke na bibo lake, ndipo iokotwe. Mkulima hupalilia chini ya mti ili aione ikianguka na ili moto usipite, hupuliza dawa, hupogoa. Akiisha kufanya yote hayo, hungoja kitu ambacho mkono wake haukukiangusha. Mwenye shamba akisikia Marko 4:26-29 ikisomwa baada ya maneno hayo, atajua kwamba habari ni zake, na atajua pia kwamba kazi yake haikudharauliwa wala haikufanywa mwokozi wake. Mtumishi apangiwaye pwani ya kusini na akae kwanza chini ya mkorosho mmoja msimu mzima, toka unga mweupe wa ubwiriunga hadi siku ya malipo, ndipo afungue Mithali 24.